Daftari la Adui: Hesabu ya Uvamizi Mchezoni na Mashambani Rufiji

Katika baadhi ya michezo ya kompyuta inayompa mchezaji kundi dogo la watu na kumtaka awajengee makazi, awalishe na kuwalinda, nguvu ya adui hupatikana kwa hesabu inayofanywa kimyakimya kila shambulio linapoandaliwa, na linalomshangaza anayeifahamu hesabu hiyo kwa mara ya kwanza ni kwamba tarakimu zake hazitoki katika kambi ya adui, hutoka katika ghala la anayeshambuliwa. Katika mashamba ya mpunga na mahindi yaliyo kandokando ya Mto Rufiji, kuanzia bondeni hadi kwenye delta iliyomo wilayani Kibiti, mkoa wa Pwani, wakulima hukabiliwa na wavamizi wa aina nyingine, yaani nguruwe mwitu, nyani, ndege na, kwa vipindi, simba, ambao nao wana hesabu yao ingawa hakuna aliyeitunga. Makala haya yanaziweka hesabu hizo mbili sambamba, kwa kuwa pale zinapofanana na pale zinapoachana ndipo linapojibiwa swali la nani hasa hulipa gharama ya kuvamiwa.

Mali kama kipimo cha hatari

Mfano ulio wazi wa hesabu ya mchezoni ni RimWorld, mchezo uliobuniwa na Tynan Sylvester wa kampuni ya Ludeon Studios ya Kanada, ambao toleo lake kamili la kwanza lilitoka Oktoba 2018. Kwa kawaida mchezaji huanza na manusura watatu wa chombo cha anga kilichoharibika, walioangukia sayari ya mbali. Huwapangia kazi za kulima, kujenga, kupika na kutibiana, na kila baada ya muda makazi yao huvamiwa na maharamia, makabila jirani au mashine za vita. Anayeamua litokee nini na litokee lini huitwa msimuliaji, jina ambalo ndani ya mchezo halimhusu mtu, kwani ni sehemu ya programu inayopanga matukio kama fanani anavyopanga ngano, akijua mahali pa kuitia hadhira hofu na mahali pa kuiacha ipumue.

Kila shambulio linapokaribia, msimuliaji huyo hupewa mkoba wa alama za uvamizi, yaani kiasi cha nguvu anachoruhusiwa kutumia, na mkoba huo hujazwa kutoka vyanzo viwili vikuu. Chanzo cha kwanza ni mali: mchezo hujumlisha thamani ya vitu vyote vilivyowekwa akiba, thamani ya viumbe, na nusu tu ya thamani ya majengo, vyote vikipimwa kwa fedha, madini ambayo ndiyo sarafu ya sayari hiyo. Mali isiyozidi 14,000 haileti alama yoyote. Kuanzia hapo alama hupanda kwa mstari ulionyooka hadi 2,400 mali inapofika 400,000, kisha hupanda kwa mwendo wa polepole hadi 4,200 mali inapofika 1,000,000, ambapo mstari hukoma. Chanzo cha pili ni watu: kila mkazi huhesabiwa alama 15 makazi yakiwa maskini, lakini mkazi huyohuyo, hata kama hakuongeza nguvu wala ujuzi, huhesabiwa alama 140 mali ikifika 400,000 na alama 200 ikifika 1,000,000, kwa maana kwamba mtu anayeishi karibu na utajiri huongezewa bei machoni pa adui.

Makazi yenye watu 8 na mali ya 207,000 yanatosha kuonyesha jinsi hesabu inavyokwenda. Zikiondolewa 14,000 za mwanzo ambazo hazihesabiwi, zinabaki 193,000, ambazo ni nusu kamili ya safari ya kutoka 14,000 hadi 400,000. Kwa hiyo mali inaleta nusu ya 2,400, yaani alama 1,200. Kwa kiwango hicho cha mali kila mkazi huhesabiwa takriban alama 78, na wote wanane wanaleta karibu 625, hivyo jumla inakuwa 1,825. Jumla hiyo huzidishwa kwa kiwango cha ugumu alichokichagua mchezaji mwenyewe: katika ngazi ya kati huzidishwa kwa 1 na kubaki ilivyo, katika ngazi nyepesi ya wapenda hadithi huzidishwa kwa 0.6 na kushuka hadi 1,095, na katika ngazi iliyo kali kuliko zote huzidishwa kwa 2.2 na kupanda hadi 4,015.

Alama zikishapatikana hutumika kama pesa sokoni, kwa sababu kila aina ya adui ina bei yake. Mzururaji mwenye silaha duni hugharimu alama 35, ambazo ndizo kiwango cha chini kabisa cha shambulio, ilhali mashine ya vita yenye umbo la jongoo mkubwa hugharimu alama 400, kiasi kwamba makazi ya mfano uliotangulia, katika ngazi ya kati, yanaweza kutembelewa na majongoo wanne na chenji ikabaki. Kikomo cha juu ni alama 10,000, na ndani ya mipaka hiyo miwili msimuliaji huchagua kama alete kundi kubwa la wanyonge au wachache walio hatari.

Hesabu hiyo ina huruma ya kupangwa. Katika siku za mwanzo alama hupunguzwa ili makazi machanga yasifutike kabla hayajasimama, na baadaye hutumika kigezo cha kuzoea, yaani kizidisho kinachoshuka mkazi anapouawa au kutekwa na kupanda tena kadiri siku zinavyopita bila msiba. Mchezo, kwa maneno mengine, humwachia aliyefiwa muda wa kuzika na humkazia kamba aliyestarehe. Msimuliaji mmoja tu kati ya watatu wa asili, aitwaye Randy Random, huongeza bahati nasibu juu ya hayo yote, kwani alama anazozitumia zinaweza kuwa nusu ya zile zilizohesabiwa au kuzidi kwa nusu yake.

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Katika mchezo huu daftari lipo na linatunzwa vizuri, ila anayelitunza anamtunzia adui. Ndiyo maana wachezaji wazoefu huchoma nguo za ziada, hukataa kulundika dhahabu isiyo na kazi, na hupendelea kuwekeza katika kuta, kwa kuwa jengo huhesabiwa nusu ilhali hulinda kwa ukamilifu wake. Kitu kisicholinda wala kulisha huwa, kwa mujibu wa hesabu hiyo, mwaliko unaopelekwa kwa mvamizi.

Meli iliyofichwa deltani

Kanuni ya kwamba ukubwa wa shambulio hufuata thamani ya kinacholindwa si ya kubuniwa, na delta ya Rufiji yenyewe inao ushahidi wake wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha, mitambo yake ikiwa na hitilafu, ikarudi kujificha ndani ya mikono ya mto, katika eneo la Salale, ambako misitu ya mikoko iliifunika isionekane kutoka baharini. Meli hiyo ilikuwa moja tu, yenye mizinga 10 ya milimita 105, lakini kwa sababu ya hasara ambayo ingeweza kuleta ikitoka tena baharini, Waingereza walifunga milango ya delta kwa manowari zao, wakaizamisha meli ya mizigo Newbridge katika mkondo mmojawapo mnamo Novemba 1914 ili kuziba njia, na wakaleta ndege za kuitafuta katika enzi ambayo ndege za vita zilikuwa bado kitu kigeni katika pwani hii.

Hata hivyo alama zilizokusanywa hazikuweza kutumika ovyo, kwa kuwa manowari kubwa zilizohitaji kina kirefu hazikuweza kuingia mtoni, na ilibidi zinunuliwe, kwa lugha ya mchezo, silaha zinazofaa mahali hapo. Zililetwa kutoka Malta meli mbili za mizinga za maji mafupi, Severn na Mersey, zilizojengwa awali kwa ajili ya Brazil na kwa hiyo zenye uwezo wa kuelea katika maji ya mto. Shambulio lao la kwanza la tarehe 6 Julai 1915 lilishindwa, na la pili la tarehe 11 Julai ndilo lililoimaliza Königsberg. Wajerumani waliipasua meli yao wenyewe, wakaitoa mizinga yake yote 10 na kuitumia katika vita vya nchi kavu. Katika vita vya namna hiyo, ambapo adui anahesabu na anayeshambuliwa anajua kwamba anahesabiwa, kanuni ya mchezo hutimia karibu neno kwa neno: chenye thamani kubwa huvuta nguvu kubwa.

Zamu ya dunguni

Mkulima wa bonde hilohilo hupambana na wavamizi wasiojua thamani ya fedha, lakini hatua ya kwanza ya hesabu yao haiko mbali na ile ya mchezo. Mpunga unapokuwa mchanga hauvuti wengi. Unapoanza kutunga punje hufuatwa na ndege, hasa kwelea kwelea, na unapokomaa pamoja na mahindi hufuatwa usiku na nguruwe mwitu, ambao wanaweza kulifyeka shamba kabla ya alfajiri, huku viboko wakitoka majini penye mashamba yanayopakana na mto. Kwa jinsi hiyo, kadiri jasho la mkulima linavyokaribia kuwa chakula ndivyo idadi ya wanaolitaka inavyoongezeka, na siku za mali nyingi kuliko zote, yaani wiki za mwisho kabla ya mavuno, ndizo pia siku za uvamizi mkubwa kuliko wote.

Kinga ya Warufiji dhidi ya uvamizi huo ni dungu, kibanda kinachojengwa juu ya nguzo ndani ya shamba, chenye sakafu ya fito, paa la nyasi au makuti na ngazi ya miti. Kimo chake kina kazi mbili, ya kwanza ikiwa kuyaepuka maji ya mto yanayopanda, na ya pili kumwezesha mlinzi kuona juu ya mabua. Mchana waliopo dunguni huamia ndege, yaani huwafukuza kwa kelele, kombeo na kamba zilizofungwa makopo zinazovutwa kutoka juu. Usiku hupiga madebe, huwasha moto, na inapobidi hushuka na panga au mkuki kumfukuza nguruwe. Kwa kuwa kuta za dungu mara nyingi hutosha kuzuia upepo tu, na kwa kuwa si kila mlinzi hulala juu, wengine wakilala katika vibanda vya chini vya muda visivyo na mlango imara, ulinzi wa chakula humweka mlinzi mwenyewe nje ya ulinzi.

Umbali kati ya nyumba na shamba nao una historia. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ambayo katika mwaka huo na uliofuata iliwahamisha wakazi wa bondeni na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, ili waondokane na mafuriko na wafikiwe na shule na zahanati. Nyumba zilihama, lakini udongo wenye rutuba haukuhama, na kilimo cha mlau, yaani kile kinachofuata maji ya mafuriko yanapopungua na kuacha unyevu ardhini, kiliendelea kuwa bondeni; matokeo yake ni kwamba katika msimu wa kilimo kaya nyingi zimekuwa zikigawanyika, wengine wakibaki kijijini na wengine wakihamia shambani kwa wiki kadhaa mfululizo.

Nguruwe akimleta simba

Hapo ndipo anapoingia mvamizi wa ngazi ya pili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature, Craig Packer na wenzake, akiwemo mtafiti wa Kitanzania Dennis Ikanda, walionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wengine wasiopungua 308, na kwamba mashambulizi yalikithiri kusini mwa nchi, zaidi katika miezi ya mavuno ya Machi hadi Mei. Maelezo waliyoyatoa yalikuwa ya mnyororo: wanyama wanaowindwa na simba wakipungua katika ardhi iliyolimwa, nguruwe mwitu hubaki na kuongezeka kwa sababu mashamba huwalisha, simba humfuata nguruwe hadi shambani, na shambani humkuta mtu aliyelala nje kwa sababu ya nguruwe yuleyule. Katika ukanda ambao wakazi wake wengi ni Waislamu, ambako nguruwe si kitoweo, mnyama huyo hana hata mwindaji wa kumpunguza kwa ajili ya sufuria.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa wilaya ya Rufiji ya wakati huo, kabla Kibiti haijamegwa kuwa wilaya, ambako kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 watu wapatao 35 waliuawa katika vijiji kadhaa. Simba dume aliyeuawa mwishoni mwa kipindi hicho, ambaye watu walikuwa wamempa jina la Osama, alikutwa na jipu kubwa kwenye jino la nyuma, na wengi wakaona kwamba maumivu ya jino ndiyo yaliyomfanya amwache mnyama mwenye ngozi ngumu na kumfuata binadamu. Maelezo hayo yanaweza kumhusu simba mmoja, lakini jino moja haliwezi kubeba vifo vya wilaya nyingi kwa miaka 15, na ndiyo sababu watafiti walilazimika kutafuta vigezo vinavyorudiarudia.

Kimojawapo kilipatikana angani. Utafiti mwingine wa Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011 na kuchambua mashambulizi ya simba nchini Tanzania kwa zaidi ya miaka 20, ulibaini kwamba hatari hupanda ghafla katika siku zinazofuata mwezi mpevu na kwamba saa zake mbaya ni zile za mwanzo wa usiku. Sababu yake inaeleweka kirahisi: simba huwinda vibaya penye mbalamwezi, kwa hiyo usiku wenye mwanga humwacha na njaa, mwezi unapoanza kupungua huchelewa kuchomoza, na kati ya magharibi na kuchomoza huko huwepo saa za giza nene ambazo mnyama mwenye njaa amezisubiri na ambazo binadamu bado hajalala. Katika kalenda ya hatari, usiku unaoonekana kuwa salama kwa mwanga wake ndio unaotangulia siku mbaya kuliko zote, na kizidisho cha aina hiyo hakimo katika mkoba wa msimuliaji yeyote wa mchezoni.

Alama zilizogeuka

Tofauti kubwa kati ya hesabu hizo mbili ilijitokeza katika utafiti wa Hadas Kushnir na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ambao uliwahoji watu katika wilaya za Rufiji na Lindi, zilizokuwa na mashambulizi mengi kuliko nyingine zote, kwa kulinganisha vijiji vilivyoshambuliwa na vijiji jirani ambavyo havikushambuliwa. Vigezo vilivyoongeza uwezekano wa mtu kushambuliwa vilikuwa vitano: kumiliki mali chache, kuishi katika nyumba au kibanda kilichojengwa vibaya, kutembea mbali kufuata mahitaji, kulala nje usiku mwingi zaidi, na kuonekana kwa nguruwe mwitu mara nyingi zaidi. Kigezo cha kwanza ndicho kinachoipindua fomula ya mchezo juu chini, kwa kuwa mali, ambayo RimWorld huihesabu kuwa mwaliko kwa adui, Rufiji ilionekana kuwa ngao.

Mgeuko huo hauna fumbo ndani yake. Mali ya mashambani humvuta nguruwe, na hadi hapo mchezo na bonde vinakubaliana. Lakini simba havutwi na ghala, huvutwa na mwili usio na ukuta, na ukuta, mlango wenye komeo, choo kilicho karibu na kisima cha uani ni vitu vinavyonunuliwa. Mwenye navyo hulima mpunga uleule na kufuatwa na nguruwe walewale, ila usiku unapoingia mwili wake haumo katika hesabu. Asiye navyo huhesabiwa mara mbili, kwanza kwa chakula alichonacho shambani na kisha kwa kila alichokikosa nyumbani.

Kigezo cha kuzoea nacho hakipo. Mchezoni kifo cha mkazi hupunguza nguvu ya shambulio linalofuata, kwa sababu mtunzi anataka hadithi iendelee. Kijijini kifo cha mzazi hupunguza mikono ya kulima na kulinda, hurefusha zamu za waliobaki na, endapo aliyekufa ndiye aliyekuwa anaezeka na kukarabati, huacha kibanda kilekile kikiwa dhaifu zaidi. Shamba halisi halimwachii aliyefiwa muda wa kuzika, kwani mpunga uliokomaa hausubiri arobaini ipite.

Kutoka hapo hutokea pia tofauti ya mbinu. Mchezaji anayetaka kupunguza alama za adui hupunguza mali yake, na kwa mkulima wa Rufiji ushauri huo hauna maana, kwa kuwa mali anayotakiwa kuipunguza ndiyo chakula cha wanawe. Njia iliyobaki ni kupunguza vigezo vingine: kudhibiti nguruwe kwa utaratibu unaosimamiwa na mamlaka za wanyamapori, kuimarisha madungu ili yawe na kuta na milango inayofungika, kusogeza maji na vyoo karibu na mahali watu wanapolala, na watu kuacha kutembea peke yao saa za mwanzo wa usiku katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Vingi kati ya hivyo havihitaji bunduki, ila vinahitaji fedha au mpangilio ambao kaya moja haiwezi kuumudu peke yake.

Kwa hiyo halmashauri za Rufiji na Kibiti, maofisa kilimo na wadau wa uhifadhi wanapopanga bajeti ya ulinzi wa mazao, ni vyema wamhesabu mlinzi pamoja na shamba, kwa sababu gunia lililookolewa usiku kwa mtu kulala nje limeshalipiwa bei isiyoandikwa katika daftari lolote. Mlango wa mbao wenye komeo, juu ya dungu lenye ukuta, hushusha alama za adui zaidi kuliko mkuki uliowekwa kando ya kitanda.